Huduma kwa wenye ulemavu zipo, habari ndizo adimu Konza

KONZA ni jina ambalo kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa limekuwa likitajwa sambamba na kompyuta na majumba ya kisasa.

Mnamo Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa jiji la teknolojia katika ardhi ya ekari 5,000 kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa. Leo hii, kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data za serikali kimo humo.

Hata hivyo, mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Machakos ambako reli ya Magadi huchepuka kutoka ile ya Mombasa, mzazi anayemlea mtoto asiyeweza kutembea hana budi kujiuliza swali ambalo mitambo hiyo yote haijamjibu: Je, mwanangu anastahili kupata nini, na nianzie ofisi gani?

Swali hilo si dogo. Kenya haina uhaba wa sheria zinazowatetea watu wenye ulemavu. Kinachokosekana ni mtu wa kuzieleza kwa lugha nyepesi, mahali pamoja, na kwa njia inayomfaa yule anayezihitaji.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya katika Kifungu cha 43. Kifungu cha 54 nacho kinawahakikishia wenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya Braille au njia nyingine ya mawasiliano inayowafaa.

Isitoshe, taifa hili liliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Tatizo linajitokeza pale mwananchi anapotaka kugeuza maandishi hayo kuwa dawa, kiti cha magurudumu au kitanda hospitalini.

Kwanza kuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo tangu Oktoba 1, 2024 ilichukua nafasi ya bima ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966. Kujisajili na mamlaka hii hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kupitia mtandao.

Pili kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hili ndilo hutoa kitambulisho cha ulemavu, baada ya mhusika kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Ni kupitia baraza hili ambapo mtu huomba vifaa kama vile viti vya magurudumu, mikongojo na fimbo nyeupe, au mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua kwa wenye ualbino.

Tatu kuna mpango wa Inua Jamii, ambao hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia zilizochaguliwa zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Mpango huu uko chini ya idara ya ustawi wa jamii, wala si wizara ya afya.

Nne ni serikali ya kaunti, ambayo kwa mujibu wa Katiba ndiyo inayosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti.

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kujisajili na SHA hakumpi mtu kitambulisho cha ulemavu. Kuwa na kitambulisho hicho nako hakumwingizi katika orodha ya Inua Jamii. Na kulipwa zile Sh2,000 si sawa na kuwa na bima ya matibabu. Mlezi anayedhani kuwa mlango mmoja umefungua yote hugundua kosa lake akiwa tayari amefika hospitalini na mgonjwa.

Kwa mkazi wa Konza, mpaka wa kaunti unaongeza utata. Jiji la teknolojia liko Makueni ilhali mji wa kale wa Konza uko Machakos, na Kajiado nayo haiko mbali. Kaunti ya Makueni ilipoanzisha mpango wake wa afya kwa wote mwaka wa 2016, ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka, ulikusudiwa wakazi wa kaunti hiyo. Jirani wa ng'ambo ya mpaka alibaki kuusikia tu.

Kuna habari moja ambayo, lau ingeenea, ingewaokoa wengi. Chini ya mfumo wa SHA, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na serikali. Mgonjwa huhitajika kuwa amejisajili tu, hata kama hajalipa mchango wowote.

Mchango unahitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa. Wasio na mshahara hukadiriwa uwezo wao kwa kuulizwa maswali kuhusu nyumba na mali zao, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya mapato ya familia. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na pesa hizo hulipwa kwa pamoja kwa mwaka mzima, yaani Sh3,600.

Sheria inasema pia kwamba serikali itawalipia wasiojiweza, na Oktoba 2025 ilizindua mpango wa kuwagharamia watu milioni 2.2. Lakini ulemavu kwa wenyewe haumwingizi mtu katika orodha hiyo moja kwa moja, kwa kuwa kinachopimwa ni uwezo wa familia.

Makadirio ya aina hiyo yanaweza kupotosha. Nyumba inaweza kuwa na paa la mabati, lakini mama mwenye nyumba hiyo akawa aliacha kibarua ili amtunze mwanawe, na kila safari ya kliniki ikamlazimu kukodi gari kwa sababu mtoto hawezi kupanda bodaboda. Gharama hiyo haionekani kwenye mabati.

Njia zenyewe za kupata habari nazo zina vizingiti. Asiyeona na aliye na simu ya kawaida hulazimika kumkabidhi mtu mwingine simu na nambari yake ya kitambulisho ili asajiliwe. Kiziwi hawezi kupiga simu kuuliza. Mkongwe anayemlea mjukuu mwenye ulemavu wa akili pengine anafahamu Kikamba pekee.

Takwimu zinaonyesha kuwa suala hili linawagusa wengi. Sensa ya 2019 ilibaini kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Katika kaunti jirani ya Makueni kiwango hicho kilikuwa asilimia 4.1, miongoni mwa viwango vya juu zaidi nchini.

Suluhisho halihitaji jengo jipya. Tangu Septemba 2023, taifa lina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozuru nyumba kwa nyumba wakiwa na simu za kazi. Hao wanafahamu ni boma gani lenye mtoto asiyetoka nje. Wakifunzwa kueleza yale mambo manne kwa mfuatano, na kumsajili mhusika papo hapo, safari nyingi za bure kuelekea mjini Machakos zitaepukika.

Mabaraza ya machifu yanafaa kutumiwa vivyo hivyo, kukiwa na mkalimani wa lugha ya ishara. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Kikamba, kama vile Musyi FM, huwafikia walezi ambao hawatawahi kufungua tovuti ya serikali. Kila zahanati nayo ibandike ukutani karatasi moja, kwa Kiswahili na Kikamba, inayosema ni huduma gani hulipiwa, ni stakabadhi gani zinahitajika na ofisi ipi hushughulikia nini.

Zaidi ya yote, idara hizi zinafaa kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa data za serikali zinaweza kuhifadhiwa pamoja Konza, hakuna sababu ya kutosha ya kumfanya mama abebe mtoto mgongoni kutoka ofisi moja hadi nyingine akirudia maelezo yale yale.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza sharti awe na wa kumjibu, na kwa mlezi wa Konza, jibu hilo lafaa kupatikana katika zahanati iliyo karibu na nyumbani kwake.