MALEZI: Mchezo Uliovuliwa Rangi



Baadhi ya wazazi walioko Sinaw wametuuliza: je, yafaa kumwondolea mtoto rangi katika ule mchezo wa kujenga kwa matofali, Minecraft, kioo kikabaki cheusi na cheupe? Swali limekuja wakati wa kiangazi, ambapo jua la Sharqiyah humfungia mtoto ndani tangu asubuhi hata Alasiri, na Adhuhuri huadhiniwa naye hajainua uso.

Kulitenda jambo lenyewe ni kwepesi. Katika mipangilio ya simu, pale palipowekwa misaada ya wenye udhaifu wa macho, pana vichujio vya rangi. Chagueni cha kijivu, na simu nzima hugeuka, si mchezo peke yake. Kompyuta za Windows nazo zinacho. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanafunzi wa chuo kikuu waliogeuza simu zao hivyo, wakapunguza muda wa kuzitazama kwa dakika 38 hivi kwa siku. Si haba, lakini hao walikuwa watu wazima waliokubali, na hapo ndipo penye shaka yetu.

Mtoto anayenyang'anywa rangi bila ya kuambiwa sababu huona ameadhibiwa, naye ataijua njia ya kuirudisha kabla baba yake hajavaa miwani. Isitoshe, ndani ya mchezo huo rangi si pambo tupu. Sufi ya kondoo ina rangi 16, na mchimbaji huitambua almasi kwa usamawati wake na dhahabu kwa umanjano. Zamani madini mengi yalichorwa kwa umbo moja, yakatofautiana kwa rangi tu, na wachezaji wasiopambanua rangi walitaabika. Katika toleo la 1.17, mwaka 2021, kila madini yalipewa umbo lake. Kwa hiyo leo mtoto aweza kuchimba katika kijivu bila ya kudhulumika, mradi ajifunze maumbo hayo.

Rai yetu ni kwamba mzazi aketi naye, wakubaliane saa, kisha wajenge pamoja bila rangi. Nyumba za udongo za mtaa wa kale wa Sinaw zinafaa mno, kwani uzuri wake umo katika mwanga na kivuli. Akitaka rangi zake baada ya sala, arudishiwe. (Wazee wetu wa Unguja watacheka: televisheni ya Zanzibar ilianza kwa rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara wakati huo haikuwa na televisheni kabisa!)

Na Alhamisi mwamsheni mapema, mwende naye sokoni kabla jua halijakaza, wafugaji wanapoleta ngamia na mbuzi. Simu ibaki nyumbani. Mwacheni amshike mbuzi kwa mkono wake, aulize bei mwenyewe, kwa Kiarabu chake hicho hicho cha kukatakata.