Stata Isifunguliwe Kabla ya Kupima Nyaya
Na Mzee Spana

Toyota HiAce ya kizazi cha nne, iliyoingia sokoni mwaka 1989, bado inabeba abiria, samaki na mitumba katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, na stata imefungwa ubavuni mwa injini, mahali panapopata matope ya masika, mafuta yanayovuja na maji ya kuoshea gari. Gari la umri huo likigoma kuwaka, anayelaumiwa kwanza ni stata. Hushushwa, hupelekwa kwa fundi, hubadilishwa kaboni na bushi, kisha hurudishwa na gari likaendelea kusukumwa kila asubuhi. Mwenye gari amelipia matengenezo ya kifaa kizima, ilhali ubovu ulikuwa kwenye waya.

Umeme wa stata una njia mbili. Njia nene hutoka betri chanya moja kwa moja hadi kwenye nati kubwa ya stata, hupita ndani ya mota, na kurudi betri hasi kupitia chuma cha injini na waya wa ethi. Njia nyembamba hutoka kwenye swichi ya ufunguo hadi kwenye solenoidi, ile silinda ndogo iliyobebana na stata; gari la otomatiki huwa pia na swichi ya gia kati yake. Solenoidi ikipata umeme, husukuma gia ya stata ikamate flaiwili na papo hapo huunganisha njia nene.

Mlio hueleza njia ipi ianze kukaguliwa. Ufunguo ukizungushwa na pakawa kimya kabisa huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, shaka huangukia njia nyembamba. Mlio wa “tak” mara moja, bila injini kuzunguka, huelekeza kwenye shaba za ndani ya solenoidi zilizolika, kwenye mota, au kwenye njia nene. “Tak-tak-tak” ya haraka ni dalili ya betri iliyochoka au kiungo kilicholegea: solenoidi huvuta, volti huanguka, huachia, volti hupanda, na mchezo huanza upya. Stata ikizunguka yenyewe bila kuzungusha injini, hapo nyaya hazina kosa. Tatizo ni gia yake au meno ya flaiwili.

Kabla ya kipimo chochote, gia huwekwa huru, breki ya mkono huvutwa na magurudumu huwekewa mawe. Kwenye injini ya dizeli huchomolewa waya wa kuzimia ulio kwenye pampu, ili injini izunguke bila kuwaka. Betri iliyotulia na iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma chini ya 12.2, ichajiwe kwanza. Wakati stata inapigwa, betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi.

Hapa ndipo mafundi wengi hudanganyika. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utawasha taa ya majaribio na utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu vifaa hivyo vinakunywa umeme kidogo mno. Stata huweza kuvuta ampea 200 au zaidi. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu hula volti 2 kwa mkondo huo na kutoa joto la wati 400. Ndiyo maana kichwa cha waya kibovu huunguza kidole baada ya kupiga stata mara chache. Kwa hiyo kipimo cha kweli hufanywa mzigo ukiwapo. Ncha moja ya mita hugusa nguzo chanya ya betri na nyingine nati kubwa ya stata, msaidizi akizungusha ufunguo. Upotevu ukizidi volti 0.5, waya au viungo vyake vina ubovu. Upande wa ethi, kati ya bodi ya stata na nguzo hasi, usizidi volti 0.2 hivi.

Upande huo wa ethi ndio husahaulika. Injini imekalia mipira, hivyo haina njia ya uhakika ya kupeleka umeme kwenye bodi isipokuwa waya uliofungwa kwa makusudi. Waya huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, hata kwenye kebo ya akseleta, nayo hupata moto na kutoa moshi. Dawa yake ni kukwangua rangi na kutu hadi chuma king’ae, kisha kufunga waya mpya mnene.

Kwa njia nyembamba, mita huwekwa kwenye waya mdogo wa solenoidi ufunguo ukiwa umezungushwa. Zikikosekana volti, hufuatwa fyuzi, swichi ya gia, soketi na swichi ya ufunguo, moja baada ya nyingine, hadi pale umeme unapokatikia. Swichi ya zamani iliyoungua ndani hubadilishwa. Rilei ikiongezwa, swichi hiyo mpya haitabeba mzigo wote wa solenoidi.

Unapofika wakati wa kubadilisha waya, betri hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Kuunga nati za stata kwa bisibisi hakufai: cheche karibu na betri zinaweza kuwasha gesi ya haidrojeni, na gari lililo kwenye gia linaweza kumkanyaga fundi aliye chini yake.

Stata hupata hatia pale tu inapopokea volti za kutosha kwa njia zote mbili, ethi ikiwa safi, na bado ikagoma. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa vipimo hivyo kabla ya kukubali ishushwe. Hata hapo, stata nyingi za Toyota huhitaji shaba za solenoidi pekee, wala si stata nyingine.