Ndege wa Bamburi wamemaliza visingizio vyenu

Jumapili moja niliazima darubini nikaenda Haller Park, pale Bamburi, Mombasa. Marafiki walinicheka: "Kuangalia ndege? Si hiyo ni starehe ya wazungu wastaafu?" Wacheke tu. Nilikaa kando ya bwawa masaa mawili, nikamwona mnandi akikausha mbawa zake, mdiria akijitupa majini, na kwera wakigombania viota. Watu walinipita mbio kwenda kuona viboko na twiga. Nilirudi nyumbani na hasira, na wala si kwa sababu ya kuchekwa.

Ndugu msomaji, pale palikuwa shimo. Kuanzia 1954 kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hapo, kikaacha uwanja mweupe usio na udongo, jua kali juu na maji ya chumvichumvi chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipanda aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, na mvinje ndio uliotia fora. Majani yake yakaanguka bila kuoza. Suluhisho? Majongoo! Wakala yale majani, kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Yakaja mabwawa, wakaja samaki. Ndege wengi walikuja wenyewe.

Sasa nauliza: kama mvinje na jongoo vilianza kazi hiyo zaidi ya miaka 50 iliyopita, hawa wanaotuambia leo kwamba ardhi iliyochimbwa "imekufa" wanamdanganya nani? Haijafa. Wao hawataki kulipa.

Na nyinyi mnaopenda kupeleka wageni pale ili muonekane wasafi, ngojeni kidogo. Bustani moja haifuti mashimo mengine yote. Jiwe la matumbawe lililosagwa kuwa saruji halirudi. Ukitembea Pwani utakuta machimbo yaliyoachwa wazi, yamejaa maji ya mvua, na watoto wanaogelea humo. Hapo hakuna kiingilio wala mwongoza watalii.

Kisingizio cha kukosa sheria nacho hakipo. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya mazingira. Kule Kwale, uchimbaji wa titani wa Base Titanium ulifikia mwisho Desemba 2024. Basi sisi waandishi tuache kuandika habari siku ya kukata utepe tu. Tuulize dhamana ni kiasi gani, anayekagua ni nani, na wanakijiji wataachiwa nini.

Mimi nitarudi na darubini, Kwale pia. Ripoti ya kampuni inaweza kupambwa kwa picha za rangi, lakini mnandi hatui penye bwawa lisilo na samaki. Nitamwamini yeye kwanza.