Matuta ya Bibi na Ubishi wa Chumbani

Haya wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Mlalo wiki mbili, juzi jioni ndo nimeingia Dar, miguu imevimba na begi limejaa mapeasi. Waliyoyamaliza wanajijua!

Usiku ule ule chumbani Mabibo ukawaka ubishi. Jamaa mmoja akasema jamii yetu imeshaoza, kila mtu anajali tumbo lake, dawa ni kiboko tu. Eti apatikane mtu mkali, aamrishe, mambo yatanyooka yenyewe. Nusu ya chumba wakapiga makofi. Mimi sikujibu, mawazo yalikuwa bado shambani kwa bibi.

Mvua za vuli zimeondoka na kipande chetu cha chini. Udongo wote umeenda mtoni, yamebaki mawe. Kaka anataka tuuze. Bibi hataki hata kusikia.

Sisi Wasambaa tuna maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nchi hapo ni mvua, ni migomba, ni watu kulala bila hofu. Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vugha mpaka alipofariki 1862, na watu walimpa kodi wakiamini nguvu zake ndizo zinazoleta mvua. Alipoondoka, ukoo ukagombea kiti. Mjukuu wake Shekulwavu alikuwa Vugha juu, mwanawe Semboja alikuwa Mazinde chini, kwenye njia ya misafara, ana bunduki. Watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani ili zipatikane bunduki na baruti zaidi. Wabondei wakaasi. Wazee wanaita hali ile nguvu kwa nguvu. Sasa niambieni, hapo walikosekana watu wakali? Walikuwa wengi mno!

Wakaja Waingereza. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo tusidanganyane. Walianzia Mlalo kwetu miaka ya 1940, na kufika miaka ya 1950 ilikuwa lazima: chimba matuta, ukikaidi faini. Bibi wakati huo alikuwa mke kijana, na anasema jembe lilimwangukia mwanamke. Watu wakagoma, hasira ikaingia TANU, na uhuru wa 1961 ulikuta mpango ule umeshakufa.

Lakini milima ni hiyo hiyo, na watu ni hao hao. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, wa serikali yetu na Wajerumani, na wakulima wengi wakapanda majani ya guatemala kwa mistari ya kukinga maji. Kwa nini hapa walikubali? Kwa sababu majani yale unamkatia ng'ombe wa bandani, naye anakupa maziwa na mbolea. Faida unaiona kwa macho yako. Haikufika kila shamba, ila kwetu ilifika.

Halafu sisi wenyewe tukaing'oa mistari ya chini ili tupate nafasi ya kabichi. Bibi alikataza, tukamcheka. Kabichi zile ndizo zilizonilipia ada ya kidato cha sita, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole. Kipande kilichoondoka ni kile kile.

Nikamwuliza, "Bibi, kumbe yule Mzungu alikuwa sahihi?"

Akanijibu, "Udongo aliujua, mjukuu wangu. Mimi hakuniuliza."

Basi jibu langu kwa jamaa wa chumbani ni hilo. Mkali anaweza hata kuwa na ukweli mkononi, lakini akiupitisha kwa kiboko watu wataukataa ukweli pamoja na kiboko chake. Nchi inapona pale mwenye jembe anapoulizwa, na anapoona kwamba jasho lake linarudi nyumbani kwake. Na inaharibika tena kimya kimya, kwa mikono yetu wenyewe, tukisahau kwa nini ile mistari ilipandwa.

Kaka amekubali tusubiri msimu mmoja. Bumu likitoka nauli naitenga kabla ya chips, likizo narudi kupanda guatemala. Miche jirani anatupa bure, tatizo ni mikono. Yule jamaa wa kiboko nimemwalika, bado anajifikiria.

Alamsiki wadau.