Hasheem Thabeet bado anaweza? Jibu lipo, ila swali kubwa ni la mtoto wa Dodoma

Jua la Dodoma likishapoa na vijana wakianza kudunda mpira kwenye viwanja vya Chinangali, kuna ubishi mmoja ambao hauishi. Hasheem Thabeet akiingia uwanjani leo, bado anakiwasha au ndiyo basi tena?

Upande mmoja unasema urefu hauzeeki. Upande wa pili unajibu kwamba urefu kweli hauzeeki, ila magoti yanazeeka.

Wote wana hoja. Lakini ubishi huo unaficha swali zito zaidi: imepita zaidi ya miaka 15 tangu jamaa aingie NBA, mbona Mtanzania wa pili hajapatikana?

Alifika wapi hasa

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam, Februari 16, 1987. Alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Akapita Kenya, akaenda kumalizia sekondari Houston, Marekani, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Huko chuoni alikuwa moto. Msimu wa 2008/09 alimaliza na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani.

Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, nyuma ya Blake Griffin. James Harden akafuata wa tatu. Stephen Curry akawa wa saba. Yaani Mtanzania aliitwa kabla ya Curry.

Baada ya hapo mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Hasheem alipita timu nne: Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Alicheza mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Msimu wa 2013/14 ndio uliokuwa wa mwisho kwake NBA. Akaenda kutafuta riziki Japan na Taiwan, na miaka ya karibuni amevaa jezi ya Dar City nyumbani.

Sasa, bado anaweza?

NBA, hapana. Na sababu si umri tu. Mchezo wenyewe umebadilika.

Senta wa leo anatakiwa atoke nje kumkaba mpigaji wa pointi tatu, kisha awahi kurudi chini ya kikapu kabla pasi haijafika. Hasheem alifundishwa kazi nyingine: kusimama chini ya kikapu na kufuta kila mpira unaokuja. Aliyeongoza mabadiliko hayo ni Curry, yule yule aliyeitwa nyuma yake siku ya drafti.

Hata wakubwa zaidi walikutana na ukuta huu. Michael Jordan alirudi uwanjani mwaka 2001 akiwa na miaka 38, kuichezea Washington Wizards. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 22.9. Alipofikisha miaka 40 bado aliweza kufunga pointi 43 kwenye mechi moja. Lakini katika misimu yote miwili Wizards hawakuingia hatua ya mtoano. Mkono ulikuwa bado unalenga, ila mwili haukuweza kuibeba timu kila usiku. Na huyo alikuwa Jordan.

Ngazi ya klabu Afrika Mashariki ni habari nyingine. Mtu wa futi 7 na inchi 3, sawa na mita 2.21, bado ni kero kwa timu yoyote. Apewe dakika chache kila robo, asikimbizwe sana, awekwe karibu na kikapu. Wapinzani watalazimika kubadilisha mipango yao. Kwa hiyo vijana wa Chinangali wanaosema "bado anaweza" hawajakosea, mradi wasimaanishe NBA.

Wa pili atatoka wapi?

Hapa ndipo ubishi unapotakiwa kuhamia, na kanda ya kati ina ushahidi wake.

Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Kwa hiyo kanda hii inaweza kutoa bingwa wa dunia. Hilo halina mjadala tena.

Tofauti ni kwamba riadha inaweza kuanza na barabara ya vumbi na miguu. Kikapu kinataka sakafu ngumu, ringi mbili zilizosimama sawa, mpira wenye upepo na mwalimu anayejua anachofundisha. Kikikosekana kimoja tu, kipaji kinapita bila mtu kukiona.

Fikiria mtoto wa miaka 13 huko Bahi, Kondoa au Mpwapwa ambaye tayari amempita mwalimu wake kwa urefu. Darasani anawekwa nyuma ili asiwazibe wenzake. Kwenye soka anapelekwa golini. Kikapu huenda akakutana nacho sekondari, akibahatika kufika UMISSETA. Wakati huo saa yake imeshaanza kukimbia.

Mjini hali ni afadhali. Dodoma imewahi kupokea mashindano ya Taifa Cup ya kikapu palepale Chinangali, na watu walijaa. Lakini huo ni uwanja wa wazi. Upepo wa Dodoma kila mtu anaujua, na mpigaji wa pointi tatu anaujua zaidi. Wenzetu wa Rwanda walifungua ukumbi wa Kigali mwaka 2019, sasa unaitwa BK Arena, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000. Ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilipoanza mwaka 2021, ilichezwa humo.

Somo kutoka Cameroon

Wapo wanaosema kuanza na miaka 15 ni kuchelewa, na kwamba hapo ndipo Hasheem alipokwama. Si kweli moja kwa moja. Hakeem Olajuwon wa Nigeria na Joel Embiid wa Cameroon nao walianza kikapu wakiwa na umri kama huo. Olajuwon akawa bingwa mara mbili. Embiid akawa mchezaji bora wa NBA msimu wa 2022/23.

Hao wawili walikuwa na kitu kabla ya kikapu. Olajuwon alicheza mpira wa mikono na soka, Embiid alicheza voliboli. Miguu na mikono ilikuwa imeshapata shule yake. Maana yake ni kwamba netiboli, voliboli na mpira wa mikono shuleni si kupoteza muda. Vinaweza kuwa mlango wa kikapu.

Embiid alikuwa na bahati nyingine pia. Mwaka 2011 alionekana kwenye kambi ya vijana iliyoandaliwa na Mcameroon mwenzake, Luc Mbah a Moute. Kwenye kambi hiyohiyo alipita pia Pascal Siakam, aliyekuja kuwa bingwa wa NBA na Toronto Raptors mwaka 2019.

Mbah a Moute mwenyewe hakuwa nyota mkubwa. Aliitwa wa 37 kwenye drafti ya 2008, na hakuwahi kuwa mfungaji wa kutisha. Lakini alirudi nyumbani akatazama watoto. Matunda ya kambi yake yameizidi rekodi yake uwanjani.

Mzigo huo si wa Hasheem peke yake. Ni wa shirikisho, halmashauri, shule na wafadhili. Ila jina lake bado linaweza kuwatoa watoto wa Dodoma na Singida vijijini kuja kujaribiwa kwa wiki moja ya likizo. Kwa kazi hiyo magoti hayahitajiki. Filimbi inatosha.

Kwa hiyo jioni nyingine ubishi ukianza Chinangali, jibu ni fupi: Hasheem bado anaweza, kwa dakika chache, kwenye ligi ya hapa. Anayehitaji haraka ni yule mtoto wa Bahi aliyekaa nyuma ya darasa. Miaka miwili ijayo atakuwa na 15, na hajawahi kushika mpira wa kikapu.