Mfuko Uliovuka Ziwa Unatushinda Mlimani



Juma hili tuongee juu ya mizigo. Sisi walimu tunaiona kwanza katika daftari la mahudhurio. Siku boti zinapoleta ananasi za Idjwi na maharagwe ya Kalehe, nafasi za wasichana fulani zinabaki tupu darasani. Kesho yake tukiuliza, jibu ni lile lile: "Mwalimu, nilimsaidia mama kupandisha mzigo." Mtoto wa namna hiyo hatuwezi kumkaripia. Lakini tujiulize: mfuko uliovuka ziwa salama, kwa nini unatushinda karibu na nyumbani?

Tuufuate huo mfuko. Ziwani umepangwa pamoja na mingine mingi, boti moja imeibeba yote. Ukifika Beach Muhanzi, kila mfuko unakuwa peke yake. Kila mama anatafuta mbebaji wake, anabishana bei yake, anangojea mvua yake. Kutoka pale hadi soko la Kadutu si mbali, lakini ni kupanda. Wamama wenzetu wanabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mfuko pengine mzito kuliko wao wenyewe. Basi ugumu hauko katika urefu wa safari. Uko pale mzigo unaposhuka kwenye chombo kimoja na kutafuta kingine.

Jambo hili si jipya kwetu. Miaka ya 1930, Bukavu ikiitwa Costermansville, mizigo iliyokuja kwa meli hadi Uvira ilipanda treni mpaka Kamanyola. Hapo milima inaanza na reli iliishia hapo, basi magari yalipokea. Treni ile ilifungwa 1958. Lakini somo lake limebaki: kila mahali mzigo unapobadilisha chombo, lazima pawe na saa inayojulikana, mahali pa kuuweka, na mtu wa kuupokea.

Wengine wameendelea na somo hilo. Kwenye Ziwa Victoria, kati ya Mwanza na Port Bell, meli ya MV Umoja inapokea mabehewa ya treni yenyewe, mzigo ukiwa ndani. Huko Zürich, Uswisi, tangu 2003 kuna tramu inayopita mitaani kuchukua takataka kubwa za nyumbani, kwenye reli zile zile zinazobeba abiria. Hawakujenga njia nyingine. Walitumia ile waliyokuwa nayo.

Sisi Kadutu hatuna reli. Lakini angalieni taksi na basi za asubuhi: zinashuka zimejaa wanaokwenda kazini na shuleni, na nyingi zinapanda na viti vitupu. Ni saa hiyo hiyo mifuko yetu imekaa ufukweni inangojea mgongo wa mtu.

Tunapendekeza vikundi vijaribu mambo matatu. Kwanza, wamama wanaopokea mizigo siku moja wajuane na wapatane saa moja. Pili, wakodi pamoja gari moja linalorudi tupu. Tuchukue mfano tu: wamama kumi, kila mmoja akilipa franka 3.000 kupandisha mfuko wake, ni 30.000. Dereva akikubali 20.000 kwa yote, kila mmoja analipa 2.000. Ile 1.000 inaingia katika likelemba ya minervali. Tatu, karibu na soko watafute depo ndogo yenye kufuli, na mama mmoja wa zamu mwenye daftari: jina, idadi ya mifuko, sahihi. Bila daftari, kikundi kitavunjika juma la kwanza.

Tunajua swali linalokuja. Na wamama wanaoishi kwa kubeba? Wengine wao wanasoma ukurasa huu. Hatutaki gari liwanyang'anye mkate. Ngazi na vichochoro vya Kadutu havipitiki kwa gari, kwa hiyo kupakia, kushusha na kupeleka kutoka depo hadi kwenye meza kutabaki kazi yao. Waingie katika kikundi kama wanachama, bei yao iandikwe mapema, na mfuko ugawanywe mara mbili kabla ya kuwekwa mgongoni mwa mtu. Kikundi kinachookoa pesa kwa kumfukuza mama mwingine hakijaokoa kitu.

Na neno moja la tahadhari. Watu na mizigo wakisafiri pamoja, kipimo kiheshimiwe. Hatujasahau boti ya Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama mbele ya Goma tarehe 3 Oktoba 2024. Mkiona chombo kimejaa, ngojeni kingine, hata kama ananasi zitaharibika. Ananasi zitaota tena.

Kazi ya juma hili: katika mkutano wenu, kila mama aseme siku gani mzigo wake unafika, saa ngapi, na analipa ngapi kuupandisha. Andikeni kwenye karatasi moja. Mkiona majina matatu kwenye saa moja, mmeshapata mwanzo.

Sisi darasani tutaendelea kuangalia zile nafasi tupu. Siku tutakapoziona zimejaa, tutajua mifuko imepata njia nyingine ya kupanda.