Range Rover na bei ya bima Uingereza

Bei ya gari peke yake haiamui bima. Uingereza, kwa miaka mingi magari yamepangwa katika makundi 1 hadi 50 kwa kuangalia vipuri, muda wa matengenezo, kasi na ulinzi dhidi ya wizi.

Range Rover imeonja joto ya jiwe. Wezi hunasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba, wakaondoka na gari bila kuvunja hata kioo. Wizi ulipozidi London, baadhi ya kampuni zilikataa kabisa kuwauzia bima wenye magari hayo. Mwaka 2023 kampuni inayoyatengeneza, Jaguar Land Rover, ikaja na bima yake. Kumbebesha mteja mzigo wa udhaifu wa ufunguo si haki.

Mnunuzi aulize bima kabla ya kulipia gari.